Mchele Wenye Wino

"Vuruga kwa mikono, Mama Thacienne. Usiogope."

Thacienne akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya beseni. Mchele, siki na wino wa shule vikachanganyika, na vidole vyake vikatoka vya buluu mpaka kwenye vifundo. Miaka yote aliyowapikia watawa wa misheni ile, jirani na Lushebere, alikuwa akiosha mchele hadi maji yatoke meupe. Leo alikuwa akiuchafua makusudi, tena kwa amri.

"Unisamehe, Masera," alisema, maana ndivyo watawa walivyoitwa pale. "Huu muchele njo wa kula ao njo wa nini?"

"Wa kucheza."

"Wa kucheza," Thacienne akarudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Masera Anne akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni. Alikuwa Mbelgiji, kijana bado, na Kiswahili chake kilikwenda kwa tahadhari. Akaeleza kwamba watoto wa darasa la wadogo, tangu vita viwafukuze vilimani pamoja na wazazi wao, hawachezi. Wanaegemea ukuta tu. Kwao Ulaya aliwahi kuona watoto wa namna hiyo wakipewa nafaka za rangi, wakachota, wakamwaga, wakachota tena. Mikono ikishacheza, moyo nao hufuata.

"Na mchele huu umeingia fukusi," akaongeza. "Hauliki."

Thacienne akaendelea kuvuruga. Mchele ulitoka Kibua, upande wa Walikale, kabla barabara haijakatika. Fukusi walikuwamo, kweli. Lakini fukusi hupepetwa! Kwao mchele ni wa Noeli na harusi, na mwaka ule wa 1964 hata harusi zilipita bila mchele. Lakini watoto wale wa ukutani alikuwa amewaona mwenyewe, nzi akiwatua puani wasimfukuze. Basi alipomsikiliza Masera, tumbo lake lilikataa. Alipolisikiliza tumbo, aliwaona watoto.

Akafanya kazi. Mchele mwekundu akaupata kwa maji ya betravu, ile mizizi myekundu ya bustanini, wa manjano kwa unga wa bizari. Makaroni ya msaada nayo akayapaka rangi hizo tatu. Yalinywa rangi upesi na kulegea pembeni. Vyote akavianika juu ya mikeka, juani.

Jirani yake Sidonie, aliyekuwa akipita na mzigo wa mihogo, akasimama.

"Dada, nani anaoa?"

"Hakuna."

"Basi huu muchele umevaa hivi, unaenda wapi?"

"Unaenda kucheza na batoto."

Sidonie akautua mzigo chini ili amtazame vizuri. "Dada, uko muzima?"

"Sijue," Thacienne akajibu, na alisema kweli.

Kesho yake mabeseni yakawekwa sakafuni darasani. Watoto hawakusogea. Kisha msichana mmoja, Emérence, ambaye yeye na mama yake walikimbia kutoka Nyamitaba, akapiga magoti na kuuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akatulia hivyo, amefumba macho.

Masera akamshika Thacienne mkono. "Unaona?"

Thacienne aliona. Akaona pia mkono ukitoka umejaa, ukaingia ndani ya gauni, ukarudi kuchota. Watoto wengine wakaja. Mmoja akatia makaroni mdomoni.

"Hapana! Si ya kula!" Masera akapaza sauti. Watoto wakamkodolea macho. Akamgeukia Thacienne. "Kwa nini wanaficha?"

"Banapelekea bamama yabo, Masera."

Uso wa mtawa ukawa mwekundu. "Wakague mlangoni," akasema. "Ule wino utawadhuru." Akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

Mlangoni watoto wakakung'uta nguo zao mmoja mmoja, na Emérence akaja wa mwisho, amelifunga gauni kiunoni kwa kamba ya mgomba.

"Uko na nini?" Thacienne akamwuliza.

"Hakuna."

Punje ya manjano ikadondoka mguuni pake. Thacienne akanyoosha mkono kwenye ile kamba. Wino huenda ungemdhuru. Njaa ilikuwa inamdhuru tayari. Mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda, mpaka mwenyewe akauteremsha, akavua aproni bila kuaga, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Adelaïde, mama wa mtoto, alikuwa mbele ya kibanda cha majani. Kamba ilipofunguliwa, rangi zikamiminika katika ungo.

"Hii njo mbegu gani?" aliuliza.

"Ni muchele. Mwekundu na wa manjano munakula. Wa buluu hapana, nilitia wino miye mwenyewe."

"Juu ya nini mutu anatia wino mu muchele?"

Thacienne alikuwa nayo maelezo yote ya Masera, lakini mbele ya chungu kitupu hayakusimama.

"Kusudi batoto bacheze."

Adelaïde akacheka, akaacha ghafla, akamtazama kama anayeuliza kama inafaa kucheka. Kisha akabandika maji, na wanawake wale wawili wakainamia ungo, wakipepeta fukusi na kuchambua. Punje za buluu, na makaroni yenye wino, wakaziweka kando juu ya jani la mgomba, za kutupwa.

Maji yalipochemka, mchele ukayageuza rangi ya waridi.

Emérence alikuwa amekwisha kusogelea lile jani. Kwa kidole kimoja akafungua njia katikati ya punje, halafu nyingine ikaikata ile ya kwanza. Akaweka makaroni pale njia zilipokutana. Kooni mwake ulikuwa unatoka mvumo mdogo, wa wimbo au wa gari.

Mkono wa Adelaïde ukakoma juu ya chungu.

"Anafanya nini?" akanong'ona.

Mtoto alilivuta jani karibu zaidi, akaanza kufungua njia ya tatu.