Meza Aliyoidai Peres

Mungai alimkuta Peres Awuor huko Kenyatta Market, katika kichochoro cha wasusi, Jumanne moja ya Julai kama saa nane hivi. Hakuwa akimtafuta. Alikuwa ametoka kula nyama na rafiki yake wa zamani wa posta, akawa anapita kuelekea barabarani, ndipo mwanamke mmoja, vidole vikiwa ndani ya nywele za mteja, alipomwita kwa jina. Hakumwita kwa furaha wala kwa hasira. Alisema tu, "Mzee Mungai wa Kinoo," kama mtu anayesoma maandishi kwenye kibao.

Mungai alimtambua polepole. Alikuwa amenenepa na kichwa kimeota mvi, lakini sauti ilikuwa ile ile aliyoisikia mara moja tu, miaka ishirini na tatu iliyopita, langoni pa nyumba yake.

Siku hiyo walikuwa wanamzika Kibe, mdogo wake. Kibe alikuwa mhudumu katika hoteli kubwa katikati ya jiji, mtu wa shati jeupe na kitambaa mkononi, aliyewamiminia wageni mvinyo kwa miaka kumi na mmoja. Kazi ile ilimfundisha kujua ladha, kisha ikamfundisha kunywa. Alianza na mabaki ya chupa, akafukuzwa, akateremka hadi kwenye pombe za vichochoroni. Nyumbani Kinoo walikuwa wamemkatia tamaa. Peres ndiye aliyeishi naye Kawangware. Hawakuwa wamefunga ndoa, mwanamke mwenyewe alikuwa Mjaluo wa kutoka Siaya, na watu walisema anauza chang'aa, ingawa hakupatikana aliyewahi kumwona akiuza. Asubuhi ya mazishi alifika amejifunga leso, bahasha mkononi. Mungai alimkuta langoni, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua ndugu yake, asithubutu kukanyaga pale. Watu walisikia. Kisha akarudi kaburini, akasema mbele ya waombolezaji kwamba Kibe ameuawa na pombe, na kila kijana aliyekuwepo alitazame shimo lile vizuri.

Maneno yale yalimpandisha. Aliombwa ayarudie kwenye mikutano ya vijana, kisha kwenye makanisa ya jirani, na baada ya miaka miwili akachaguliwa mzee wa kanisa. Binti yake Njambi alikua akiyasikia. Njambi huyo alipofungua mkahawa mdogo kule Muthangari, wenye meza nane na rafu ya chupa za mvinyo ukutani, Mungai alimwambia hataingia mahali panapouzwa kitu kilichomzika baba yake mdogo. Ilikuwa sasa miaka sita, na kweli hakuwa ameingia.

Mwaka uliotangulia, mkewe Waithera alifariki. Mungai alipokuwa akipanga vitu vyake aliikuta ile bahasha chini kabisa ya sanduku. Inaonekana Peres alimpa Waithera siku ile ile, kando ya ua, na Waithera akaificha ili mumewe asiaibike. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya hospitali iliyosema Kibe alikufa kwa nimonia. Nyuma ya karatasi hiyo palikuwa na barua fupi ya msimamizi wa jikoni katika shule moja ya bweni. Alieleza kwamba Kibe alikuwa mpishi wao kwa miezi minane, hakukosa kazini hata siku moja, na hakuna aliyemwona amelewa.

Mungai alisoma mara tatu. Akairudisha bahasha sandukuni, na kwa mwaka mzima hakumwambia mtu.

Basi alipomwona Peres pale sokoni maneno yalimtoka kabla hajayapanga. Alianza kusema kwamba ile karatasi ameiona, kwamba amekosa. Peres hakusimamisha vidole vyake. Alimwacha afike mahali, halafu akamkatiza.

"Si hapa," alisema. "Ulinifukuza nikiwa nimesimama, na sikuwa nimekula. Mambo yako siwezi kuyasikia tena nikiwa nimesimama. Nitafutie meza. Nikae, nile kama mtu. Na kuwe na mtu wa nyumba yako, asikie."

Mungai alitembea hadi Hurlingham bila kujua anatembea. Njia nzima alihesabu watu wa nyumba yake. Waithera alikuwa kaburini. Binti yake mkubwa alikuwa ng'ambo. Dada zake wangekuja, lakini wangekuja kumtetea. Alibaki mmoja, naye alikuwa na meza nane.

Jioni ile alimpigia Njambi simu akaomba nafasi ya watu wawili, Alhamisi saa saba mchana. Njambi alimuuliza kama ni mgonjwa. Mungai alisema yu mzima. Alimwambia atakuja na mke wa Kibe. Njambi hakuwahi kusikia kwamba Kibe alikuwa na mke, na Mungai naye hakuwahi kulitamka neno hilo.

Alhamisi kulikuwa na baridi kali na wingu limeshuka. Mkahawa wa Njambi ulikuwa ndani ya nyumba ya zamani ya mawe, mwisho wa kijia kilichozungukwa na ua wa michongoma. Mungai alimkuta Peres amesimama nje ya mlango, amevaa rinda la buluu na sweta, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alikuwa amefika zamani lakini hakutaka kuingia. Alisema yeye haingii tena kwa mtu mpaka aliyemwalika amfungulie mwenyewe. Mungai akafungua mlango, akasimama kando, akamwacha atangulie.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja tu cha wageni. Meza zilikaribiana, vitambaa vyake vilikuwa vya pamba nzito, na moto ulikuwa ukiwaka kwenye meko ya ukutani. Wateja wengine walikuwa wanne, wakizungumza kwa sauti ya chini. Harufu ya vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi ilikuwa imejaa. Njambi aliwaweka karibu na moto, na akaamua kuwahudumia mwenyewe. Alimsalimu Peres kwa mikono miwili, akamwita mama. Kwa baba yake alinyoosha mkono mmoja tu, kwa haraka.

Walizungumza juu ya chakula kwanza. Peres alisema kama wamepanga kumletea samaki kwa sababu yeye ni Mjaluo, wajue samaki amekula vya kutosha maishani. Njambi alitabasamu. Alimwambia ana bega la kondoo lililokuwa jikoni tangu alfajiri, pamoja na viazi vya kuponda na mboga za managu. Peres akakubali. Kisha akauliza kama ni kweli wana mvinyo mzuri.

Njambi alimtazama baba yake. Mungai alikuwa anatazama moto.

"Tunao," Njambi alisema.

"Kibe alikuwa ananihadithia," Peres alisema. "Kulikuwa na mmoja mwekundu wa Afrika Kusini, alisema una ladha ya moshi kidogo. Aliwamiminia watu miaka yote hiyo. Mimi sijawahi kuonja. Alikuwa ameniahidi siku moja tutakaa mahali, mtu mwingine atumiminie sisi."

Njambi alikwenda kwenye rafu akakaa huko kitambo, akishika chupa hii na ile. Alirudi na moja, akaifungua mbele yao, akammiminia Peres kidogo. Peres alikunywa na uso ukakunjamana. Alisema ni mkali, unakausha ulimi. Njambi alimwambia asubiri nyama. Nyama ilipokuja, ikiachana na mfupa yenyewe, Peres alikula vipande viwili, akanywa tena, akaiweka glasi chini taratibu. Alisema sasa ameelewa alichokuwa anaambiwa. Machozi yalimtiririka, naye akaendelea kula bila kuyafuta.

Mungai hakuwa amegusa sahani yake. Alimwomba Njambi avute kiti akae nao. Njambi akakaa, aproni ikiwa bado kiunoni.

Hapo Mungai alisema alichokuja kusema. Hakutumia sauti yake ya kanisani. Alisema kwamba siku ya mazishi alimfukuza mke wa ndugu yake mbele ya watu. Alisema kwamba alimzushia Kibe kifo ambacho hakufa, na kwamba kifo hicho cha uongo ndicho alichokihubiri miaka yote, hata kikampa kiti cha mbele. Alieleza juu ya bahasha, akaitoa mfukoni, akaiweka mezani.

Njambi aliisoma karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Aliuliza ameipata lini.

"Mwaka jana, Juni," Mungai alisema. "Mama yako alipotutoka."

"Lakini Krismasi ulirudia." Njambi alisema polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha. "Mbele ya wote. Ulisema nauza sumu iliyomuua baba mdogo. Ulikuwa umeshajua, Baba?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Kwa nini?"

Mungai aliigeuza bahasha juu ya kitambaa. Alisema kwamba kama Kibe hakuuawa na pombe, basi alikuwa mtu aliyeinuka, na wao nyumbani hawakumwona akiinuka kwa sababu walikuwa wamefunga mlango. Katika ile miezi minane Kibe alikuja Kinoo mara mbili, na mara zote mbili Mungai aliagiza aambiwe hayupo. Ilikuwa rahisi zaidi ndugu yake abaki mlevi.

Njambi aliinuka, akaenda jikoni. Walimsikia akifungua bomba la maji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikaa tena.

Peres alikuwa amemaliza sahani yake. Yeye ndiye aliyeanza kuzungumza, akimgeukia Njambi. Alimhadithia kwamba Kibe alikuwa akirudi kutoka ile shule na mabaki ya chakula, anatandika kitambaa juu ya stuli, anamkalisha mkewe, kisha anammiminia chai akiwa ameweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama vile hotelini. Majirani walikuwa wakichungulia na kucheka. Kikohozi kilimwanza mwezi wa tano, akakataa kupumzika kwa sababu alisema kazi mpya haiombewi ruhusa. Alilazwa siku nne. Alikufa akiuliza kama Mungai ameambiwa.

"Nilikuja kukuambia," Peres alisema. "Hiyo ndiyo kazi iliyonileta kwenu. Sikuja kulilia urithi."

Glasi yake ilikuwa tupu. Njambi alinyoosha mkono kuichukua chupa, lakini Mungai aliiwahi. Maishani mwake hakuwa ameshika chupa ya mvinyo. Aliishika kwa mikono miwili, akasimama, akammiminia Peres vibaya, matone yakaangukia kitambaa, na akajaza glasi hadi karibu na ukingo jinsi mtu anavyomiminia uji. Njambi hakumrekebisha. Mungai akakaa.

"Shemeji," alisema, "naomba unisamehe."

Peres aliisogeza kando sahani yake tupu.

"Umenilisha vizuri," alisema. "Hilo nimelipokea. Hilo lingine bado sijalifikia, na sitakudanganya kwamba nimefika. Ulisema mbele ya watu. Nenda ukaseme mbele ya watu. Mimi sitakuja kukusikiliza huko kanisani, hiyo ni shughuli yenu. Lakini nataka kuliona kaburi lake. Sijawahi kuliona."

Kabla ya Jumapili Mungai alimwendea mchungaji. Mchungaji alimshauri aliseme jambo hilo kwa wazee wenzake tu, faraghani, maana marehemu hatafufuka. Mungai alijibu kwamba uongo wake haukuwa wa faragha. Jumapili ile Njambi aliufunga mkahawa, akakaa benchi la tatu. Baba yake alisimama akasema yote, na jina la Peres akalitaja kikamilifu, na neno mke pia. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, baada ya ibada, baadhi ya watu walimpita bila kumsalimu. Dada yake mmoja alimwambia ameivua nguo familia. Wiki hiyo aliandika barua kukiacha kiti cha uzee, na hakuna aliyemsihi abaki.

Jumamosi Njambi alimchukua Peres sokoni kwa gari lake, wakaenda Kinoo. Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba, msalaba wa mbao umeoza na kulala. Peres hakulia. Alipiga magoti akang'oa magugu kwa vidole vile vile vya kusukia, kwa mpangilio, mstari kwa mstari, huku akizungumza Kijaluo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu habari za nyumbani. Mungai alisimama kando na Njambi. Hawakuelewa neno, ila jina la Kibe kila lilipotajwa.

Alipomaliza, Peres alijifuta udongo. Alimwambia Mungai kwamba msalaba mpya utachongwa na fundi atakayemchagua yeye, na kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa si sahihi. Mungai alisema yatafanyika kama anavyotaka. Waithera alikuwa akijua kupika chai ya wageni, Mungai hajui, lakini alikuwa ameichemsha, na Peres akakubali kikombe kimoja. Alikinywa nje, amekalia kiti.

Wakirudi mjini, Njambi alimuuliza Peres kama anaweza kuja tena Muthangari, siku yoyote, amweleze Kibe alipika nini pale shuleni. Peres alisema wasubiri nini. Akalegeza mkanda wa gari, akaanza na maharagwe.