Kompyuta ya Stoo na Kiapo cha Maalim Hamze

Mimi ni mtu wa mizaha. Dunia ilinichapa mapema, nikiwa utingo wa malori ya Mandera, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuirudishia nikaamua kuitania. Siku moja tu nimetamani ningezaliwa bubu, nayo ni Alhamisi moja ya Julai, mwaka wa tisini na saba.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Waberi, vyumba viwili vya chama kidogo kilichowaandikia watu karatasi za kuombea vitambulisho. Jumanne ya wiki ile, nikiwa sasa fundi wa kompyuta, nilikuwa nimewafungia kompyuta mbili na printa. Ya kwanza ilikaa mbele, kwa Faiza mpiga chapa. Ya pili ilikaa stoo, nyuma ya ukuta, na printa ilitegemea hiyo ya stoo: waya ulipita kwenye tundu la ukutani, printa yenyewe ikakaa mezani kwa Faiza. Ya stoo ikizimwa, printa haimsikii Faiza hata aimbe. Kwa hiyo nilibandika juu yake karatasi yenye herufi kubwa: USIZIME.

Ufunguo wa stoo alikuwa nao mzee Kulow, mlinzi, mfugaji aliyemalizwa na ukame. Aliniuliza hiki kitu kinataka matunzo gani. Nikamwambia hiki ni ngamia, mzee: hubeba bila kunung'unika, ila usipompumzisha jua la mchana atakuwekea kinyongo. Wenzake wakacheka. Kulow hakucheka, nami sikuliangalia hilo. Kusoma hakujua.

Alhamisi, adhuhuri imeshaswaliwa, wakaniita. Printa imegoma.

Nilimkuta Faiza amevimba uso kwa hasira, na mbele yake wamekaa wawili. Ramlo alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, ana barua ya chuo cha uuguzi Nairobi mkobani, lakini bila kitambulisho, kwa vizuizi vya polisi, hata daraja la Tana hangevuka. Wa pili alikuwa ami yake, Maalim Hamze, mwalimu wa Kurani, aliyeshuka na lori kutoka Tarbaj kuja kumtolea kiapo. Jumatatu jopo la wazee linalopitisha maombi ya vitambulisho lingeketi kwa mara ya mwisho mwaka ule. Lilitaka kiapo kilichopigwa chapa, chenye kidole gumba cha mwapaji. Maandishi ya mkono lilikuwa limeyakataa, kwa vile yalighushiwa mno. Taipureta ya zamani ilikwisha pelekwa Lafey. Na lori la Maalim lilikuwa linaondoka saa kumi.

Skrini ya Faiza ilisema printa haipatikani. Printa yenyewe ilikuwa inawaka taa ya kijani, nikajidanganya kwamba upande wa stoo ni salama. Kulow alikuwa hajarudi tangu aende kuswali na kula, stoo imefungwa, wala sikuona haja ya kumfuata. Nikavua vizibo vya waya, nikavipuliza vumbi, nikavirudisha. Kompyuta ya mbele nikaizima na kuiwasha.

Faiza hakuwa na mazoea ya kuhifadhi. Mkono wake ulikuwa bado wa taipureta. Kila nikizima, alianza upya, na kila akianza upya alimtaka Maalim aseme tena: naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba Ramlo ni binti wa marehemu ndugu yangu, na kwamba alizaliwa Tarbaj. Faiza akabonyeza. Kimya. Mara ya pili Maalim alisita kwenye neno Tarbaj. Alisema kwamba siku binti alipozaliwa yeye alikuwa mbali, malishoni pamoja na ngamia. Habari ya uzazi aliletewa.

Nikaona chumba kimekuwa kizito, nikatia mzaha wangu.

"Labda printa hii ni mcha Mungu, Maalim. Haitaki kuchapa lisilo kweli."

Faiza alicheka kidogo. Maalim aliapa mara ya tatu, polepole, na printa ikanyamaza. Akainuka, akajifuta mikono kwa shuka.

"Nimeapa mara tatu, mara tatu imerudishwa. Sikuona kwa macho yangu. Mara ya nne siapi."

"Adeer, ni waya tu," Ramlo akamwambia ami yake.

"Waya ni sababu. Mwenye sababu ni Mungu."

Akatoka. Ramlo alimfuata hadi mlangoni, akarudi kukaa.

Haikupita nusu saa, Kulow akaja kutoka msikitini. Tukasikia kufuli, na mlio wa kompyuta ya stoo ikiwashwa, kisha akachungulia kwetu na kitambaa begani.

"Nimembumzisha, walaal, ndugu yangu," akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Mchana wote, na nguo nimemfunika. Sasa ataamka."

Printa ikatetemeka. Viapo vyote vilikuwa vimesubiri foleni ndani ya kompyuta ya Faiza: ikatoa cha kwanza, ikatoa cha pili, ikatoa cha tatu.

Nilikwapua karatasi moja na kidau cha wino, nikakimbia. Maalim nilimkuta juu ya magunia, lori linaunguruma. Nilimweleza yote, nikihema: ngamia, kitambaa, taa ya kijani, na kwamba yale ya printa mcha Mungu yalikuwa porojo zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kwa hiyo Kulow ulimwambia lisilokuwa," akasema. "Na mimi ukaniambia lisilokuwa. Hili la tatu nikuamini kwa nini?"

Nilimnyooshea wino. Akaukunja mkono wake ndani ya shuka, na lori likaondoka.

Ramlo hakunilaumu. Alizipanga zile karatasi tatu mapajani, akazilainisha kwa kiganja, akaniuliza kama jina lake limeandikwa sawasawa. Nikatazama. Hakuna herufi iliyokosewa. Chini palikuwa na kisanduku kitupu cha kidole.

Jumatatu jopo liliketi, likainuka. Septemba chuo kikafungua bila Ramlo.

Lakini jioni ile ya Alhamisi tulikuwa bado tumekaa pale, na Kulow, aliyefurahi kwamba mnyama wake amefanya kazi, akatuuliza kama kesho pia amlaze saa ileile. Ramlo akazikunja zile karatasi tatu, akazitia mkobani pamoja na barua ya chuo.