Mtoto wa Kabati la Joto

Kule maabara walimwita Mama Barafu, na jina hilo hakupewa bure. Ukitoa kichupa cha kimeng'enya kwenye friza ukakiacha mezani huku unatafuta kalamu, utamsikia nyuma yako: "Hayo ni maji ya kunywa? Hebu kirudishe kwenye barafu." Ukijitetea kwamba ni dakika moja tu, atakwambia hiyo dakika moja ndiyo iliyoharibu kazi ya wenzako mwaka jana. Wageni walimnunia, wakamzoea, mwisho wakawa wanamwigiza saa ya chai, naye anacheka nao mpaka anafuta machozi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na aliirudia mpaka watu wakaichoka: ukipata ulichokuwa unakitafuta, kigandishe kwanza, furaha baadaye.

Kwa asiyeijua kazi ile, ni kazi ya kukata na kuunga. DNA ni uzi mrefu usioonekana kwa macho, na mwili husoma humo namna ya kujijenga. Maabara wana vimeng'enya vya kuukata uzi huo mahali wanapotaka, na wana kingine cha kuuunga, ambacho wenyewe walikiita gundi tu. Wanachukua kipande cha mtu, wanakipachika kwenye kipete kidogo cha DNA, gundi inafunga, halafu kipete wanakiingiza ndani ya bakteria. Bakteria akizaana, kipande nacho kinazaana. Asubuhi unakuta vidoa vyeupe kwenye sahani wanamolishwa, na kila kidoa ni ukoo mzima uliobeba kipande cha mtu ambaye pengine muda huo yuko kwake anapiga mswaki, hana habari.

Na kipande alichokiunga Mama Barafu kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa cha mwanawe.

Alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuja kuwa kifungua mimba, akabaki kuwa kitinda mimba. Alikuwa mtundu, mwenye mdomo, mtoto wa kumjibu mwalimu na kumchekesha papo hapo. Alipoanza kujikwaa ovyo, baba yake, ambaye ni fundi viatu, alidhani kosa ni la viatu. Akampandishia soli upande mmoja. Mtoto akaanguka upande wa pili. Akampandishia huo nao, akamtia na ngozi ngumu ya kushika kifundo, jozi baada ya jozi, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, mpaka siku moja mtoto akamwambia, "Baba, hivi umeniwekea mawe? Miguu yenyewe ndiyo imechoka." Fundi akaweka nyundo chini, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ndani ya uzi. Kuna mahali panapoandikwa maneno yaleyale, yakajirudia mara chache, basi. Kwa huyu mtoto yalijirudia kupita kiasi, kurasa kwa kurasa, na mwili ulipofika hapo ukashindwa kusoma. Maabara ya mama yake ilikuwa ikiuchunguza ugonjwa huohuo, na wapo waliosema ni bahati. Bahati gani hiyo, jamani? Kujua jina la kinachomla mwanao, na usiwe na la kumfanyia?

Alipotolewa damu ya uchunguzi, mtoto alimkazia mama yake macho. "Mama, hao wadudu utakaonitia ndani yao, wana tabia nzuri?"

"Wana adabu kukushinda wewe."

"Haya. Lakini usiniweke kwenye lile friza lako. Mimi na baridi hatupatani."

Na kweli hawakupatana. Jua likiwaka watu wakitafuta kivuli, yeye amevaa sweta. Siku zake za mwisho hospitalini alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia, na blanketi ya tatu haikusaidia kitu. Kisha akatulia. Walipokwenda kumchukua kwenye chumba cha maiti, mhudumu akavuta lile droo la chuma, mama akamgusa shavu. Baridi ile iliingia kwenye vidole vyake na haikutoka tena.

Baada ya mazishi alirudi kazini. Watu wakamwambia pumzika, akawaambia nitapumzikia wapi, nyumbani kuna viatu vyake mlangoni. Damu ya mtoto ilikuwa imebaki kidogo sana chini ya kichupa, akaitumia yote. Akakata, akaunga, akasubiri. Mara ya kwanza gundi haikushika. Mara ya pili, asubuhi, akakuta vidoa vyeupe, akavipima, na kipande kilikuwa ndani, kizima, na marudio yake yote.

Hapo sasa ilikuwa zamu ya kanuni yake. Alichanganya bakteria na glisirini, ileile watu wanayojipaka ngozi ikikauka, maana ndiyo huwalinda wasipasuke wakiganda. Akaenda kwenye friza kubwa, lile la baridi kali kuliko yote, akavuta mlango. Moshi wa baridi ukampiga usoni. Mkono ukagoma. Alisimama pale na kichupa mpaka friza likaanza kupiga kelele kwamba limeachwa wazi, ndipo akafunga mlango, akageuka, akamwaga kile kichupa kwenye dawa ya kuulia bakteria. Mwanawe akabaki kwenye sahani yake, ndani ya kabati la joto, penye joto la mwili wa mtu.

"Ngoja kwanza," alijiambia.

Na hiyo ngoja kwanza ikazaa miaka. Kila wiki alichukua kijiti safi, akagusa kidoa kimoja, akakihamishia kwenye sahani mpya yenye chakula kipya. Mkuu wa maabara aliijua ile sahani, akadhani nakala nyingine iko kwenye friza, akajifanya hamnazo, maana naye ni mzazi. Nani angedhani kwamba Mama Barafu ameivunja kanuni ya Mama Barafu?

Ile siku vidoa vilipoota alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Amekua."

Fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja. "Nani amekua?"

Mama akamweleza yote. Fundi akairudisha misumari mdomoni, akaendelea na kiatu, na mkewe akadhani amemuumiza bure. Lakini kesho yake jioni, alipoingia tu, mumewe aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu:

"Hajambo?"

"Hajambo," akajibu.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu ya nyumba ile. Majirani walidhani kuna mgonjwa anayeulizwa hali. Siku nyingine fundi huongeza maneno: "Anakula vizuri?" Mama humjibu, "Kama mchwa." Wakacheka kidogo, chakula kikapita kooni. Kaburi walikuwa nalo, lakini hawakulizuru. Waende kufanya nini huko, na mtoto yuko kwenye kabati la joto?

Sasa maabara ikatakiwa kuhamia jengo jipya. Mkuu akaita watu wote, akasema hakuna sahani itakayosafiri. Kila kitu kigandishwe, na kabla ya kugandishwa kisomwe na mashine, ijulikane kilichomo ndicho kilichoandikwa juu yake. Watu walipotawanyika akambakisha Mama Barafu.

"Na wako pia, dada," akasema kwa upole. "Safari hii sina namna."

"Najua," akasema Mama Barafu. "Amekua sasa. Ataivumilia."

Mashine ya kusoma ilikuwa chini ya mwanamke waliyemwita Bi Msomaji, rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi kuliko mashine yenyewe. Alipopelekewa sampuli aliipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mkwe wangu," akakiambia kile kichupa. "Nina binti nyumbani." Wakacheka.

Kwa nini hakuwahi kumsoma miaka yote hiyo? Mashine ilikuwepo, rafiki alikuwepo. Lakini ndivyo tulivyo. Wahenga walisema ukimchunguza sana kuku hutamla, na mzazi naye hamwamshi mtoto aliyelala ili ahakikishe kama ni wake.

Majibu yalipotoka, Bi Msomaji hakupiga kelele koridoni kama kawaida yake. Alikwenda mwenyewe mpaka mezani kwa mwenzake, akamshika mkono, akampeleka chumbani kwake, akamvutia kiti.

"Hivi ile sampuli uliitoa kwenye sahani yenyewe?"

"Kwani mimi nina sahani ngapi?"

"Nimesoma, nikarudia. Nikaja kuchukua vidoa vingine nikavisoma navyo." Akageuza kioo cha kompyuta. "Angalia mwenyewe."

Mama Barafu akaangalia. Kipete kilikuwepo, kizima, kimejifunga vizuri. Pale palipopachikwa mwanawe palikuwa pamebaki herufi chache za ukingo huu na chache za ukingo ule, zimeshikana. Katikati hapakuwa na kitu.

Bi Msomaji akaanza kueleza, maana alikuwa hajui afanye nini kingine. Kwamba bakteria hawayapendi maneno ya kujirudiarudia. Kwamba wakizaana sana hukata na kuunga wenyewe, wakakitupa kile kipande, na aliyetua mzigo huzaana upesi kuliko aliyeubeba, mpaka siku moja wepesi ndio waliojaa sahani nzima. Dawa inayotiwa kwenye chakula chao ili iwaue wasio na kipete haiwezi kuwagusa, kwa sababu kipete wanacho, kilichotoka ni cha ndani tu. Kwa macho vidoa ni vilevile, vyeupe, vinene, vyenye afya.

"Nayajua hayo," akasema Mama Barafu. Aliyajua kweli. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Ndiyo maana ya kugandisha: aliyeganda hazai, na asiyezaa habadiliki.

"Ni tangu lini?" akauliza.

"Siwezi kujua, dada."

"Kisia."

Bi Msomaji akainama. "Kwa marudio marefu kama yale, hawachelewi. Pengine miezi ya mwanzo tu."

Mkuu akaingia, ameshasikia huko nje, na uso wake haukuwa na wasiwasi mkubwa. "Poleni. Lakini si neno," akasema. "Hili hutokea. Tutatoa ile ya kwenye friza, tuanze upya."

Akachukua kalamu mezani.

"Iko droo la ngapi?" akauliza Mkuu.

"Hakuna," akasema Mama Barafu.

"Hakuna vipi? Wewe?"

"Sikumweka."

"Kwa nini, dada?"

"Kulikuwa na baridi," akasema.

Mkuu akaiweka kalamu mezani. Alitoka, akaurudisha mlango taratibu. Damu ya mtoto ilikwisha siku ile ya kuunga, na wote watatu walijua hilo bila kukumbushana.

Mama Barafu akaenda kwenye kabati la joto, akatoa sahani. Ilikuwa na uvuguvugu mkononi, kama zote. Miaka yote ile alikuwa ameamkia vidoa, amevilisha, amevihamisha, siku ya sikukuu amepanda basi kuja kuviona, na mwenyewe hakuwemo. Angemtia kwenye baridi aliyoiogopa angekuwa naye hata leo. Joto lake ndilo lililompoteza. Alilijua hilo pale aliposimama, na likamuuma mahali pasipofikika.

"Nipe, nikutupie mimi," akasema Bi Msomaji.

"Acha. Nitaitupa mwenyewe."

Akaitia kwenye mfuko wa taka za kuchemshwa kabla ya kutupwa, akaufunga, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti chake mpaka saa ya kutoka. Siku hiyo mtu mmoja aliacha kimeng'enya mezani, nje ya barafu, na hakuna aliyemgombeza.

Nyumbani fundi viatu alikuwa kibarazani anamalizia kiatu cha mwanafunzi, uzi umemzunguka vidole. Alimsikia mkewe akifungua geti.

"Hajambo?"

Jibu lilikuwa pale pale ulimini, limezoea njia. Angelisema tu, jioni ingepita, na kesho yake, na nyingine. Nani angejua? Alimtazama mumewe alivyoinama, kisogo kimejaa mvi ambazo hakumbuki ziliota lini, na akaona hawezi kumlisha sahani tupu.

"Hayupo, baba," akasema.

Uzi ukasimama.

"Hayupo tangu zamani. Wale wadudu walimtoa. Mimi nikawa nawalea wao, nakuletea salamu zao. Ningemgandisha angekuwepo. Sikuweza."

Fundi akakiweka kiatu chini. Alijikung'uta vumbi la ngozi magotini, polepole.

"Lakini hakusikia baridi?" akauliza.

"Hakusikia."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Akasogea kwenye benchi, akampisha, mkewe akakaa. Msibani wakati ule watu walipanga foleni kuwapa pole, wa karibu na wa mbali, hata mhudumu wa droo la chuma. Ila wao wawili kwa wao hawakuwahi kupeana. Mwanzoni walishindwa, baadaye wakaona mtu hapewi pole na mtoto hajambo.

"Pole, mama," akasema fundi.

"Pole na wewe, baba," akasema mkewe, na hapo ndipo walipomlilia mtoto wao.