Mkono wa Kushoto wa Wattie

Torquil Rennie alifundisha gofu kwa ukali, na wazee wa pwani ya Fife, Uskoti, walimpendea ukali huohuo. Kila Jumanne asubuhi, upepo wa bahari ukiwachapa masikio, alimfokea Wattie Geddes, fundi bomba mstaafu.

"Kaza mkono wa kushoto, Mzee Wattie! Unashika fimbo kama umebeba kikombe cha chai ukweni!"

"Nimekaza, mwalimu. Inanichopoka tu."

"Haichopoki, unaiachia! Nenda nyumbani ukabane mpira wa tenisi mara mia, asubuhi na jioni."

Wattie akabana. Lakini mpira wa gofu aliokuwa akiufikisha bango la pili la kupimia umbali mwezi Machi, Juni haukufika hata la kwanza. Torquil akambadilishia mshiko, akambadilishia fimbo, na baada ya kila somo akaandika kwenye daftari la mzee: kushoto bado mlegevu, aongeze bidii.

Agosti Wattie alishindwa kufunga vifungo vya koti. Hakuwa na mke wala mtoto, kwa hiyo Torquil ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana, aliugusa ule mkono uliokwisha nyama, akauliza ulianza kulegea lini.

Wattie akatoa daftari mfukoni kwa fahari. "Mwalimu wangu ameandika yote."

Daktari alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akamtazama Torquil. "Mishipa ya fahamu inakufa. Na wewe umeiona ikifa tangu Machi."

"Usimlaumu, binti," Wattie akadakia. "Mimi ndiye niliyekosa bidii."