Beseni la Maa Dufie

Madoa yalimtoka Pokuaa baada ya mimba ya tatu: mawili makubwa mashavuni, na jingine juu ya mdomo kama sharubu za kijana. Alikuwa akikausha samaki kwenye tanuri la moshi na kuwauza hapo Kumasi, na uso wake hakuwahi kuujali sana, mpaka siku wifi yake Frema alipomkodolea macho mbele ya wageni.

"Wifi, hebu kanawe. Umeacha masizi usoni."

Watu wakacheka. Pokuaa naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Alhamisi akafunga meza yake mapema, akaenda kwa Maa Dufie, muuza krimu aliyesifiwa soko zima.

Maa Dufie alikuwa na uso wa rangi ya papai bivu, ila viungo vya vidole vyake vilibaki vyeusi tii.

"Karibu mwanangu! Usiseme kitu, nimeshayaona. Wiki mbili tu hayo." Akasogeza makopo. "Hii ya karoti, ya polepole. Hii ya Abidjan, ya haraka. Na hii," akapiga beseni lililokuwa mapajani pake, "nakoroga mwenyewe."

Harufu ikampiga Pokuaa puani: samaki aliyelala siku mbili bila barafu, kisha akamwagiwa manukato. Kabla hajarudi nyuma, Maa Dufie alishachovya kidole na kumpaka shavuni. Akamtazama, akaona imezidi, akaikwangua kwa ukucha na kuirudisha kwenye beseni. Mle ndani ulikuwemo unywele wa nyusi, umelala juu ya krimu nyeupe, nzito kama uji.

Pokuaa akasogea nyuma.

Mara akaingia mwanamke aliyejitanda kitambaa hadi machoni. Alipokifunua, mashavu yalikuwa yamechubuka, mekundu, yanatoa majimaji.

"Maa, inawasha. Silali."

"Inawasha kwa sababu inafanya kazi! Sasa hivi ndio wakati wa kuongeza, siyo kuacha." Akambonyeza pale penye kidonda, akakitazama kidole, kisha akakichovya tena kwenye beseni. "Enhe, mwanangu," akamgeukia Pokuaa, "tufunge ipi?"

"Ya Abidjan," Pokuaa alisema, akijizuia asitapike. "Iliyofungwa. Ambayo haijaguswa na mtu."

"Ipo kwenye katoni kule nyuma. Ngoja."

Akaenda nyuma ya pazia na beseni lake. Pazia lilikuwa fupi, halikufika ukutani, na Pokuaa alimwona wazi: anachota mkorogo uleule kwa vidole, anaushindilia kwenye kikopo cha zamani, anafuta mdomo wa kikopo kwa pindo la kitenge chake. Kisha akatoa ulimi, mrefu, mweupe kwa utando, akailamba lebo na kuibandika.

Akarudi anatabasamu. "Hii imetoka kwenye katoni sasa hivi."

"Umeilamba."

"Nini?"

"Lebo, Maa. Nimekuona. Na humo ndani kuna usaha wa huyu dada."

Maa Dufie akafura. "Toka! Muuza samaki unaninukia hapa, halafu unajifanya msafi?"

"Samaki wangu nawaosha."

Pokuaa akamshika yule mwanamke mkono. "Dada, twende hospitali. Nitakusindikiza."

Mwanamke akautoa mkono wake taratibu. "Nikiacha sasa, si nitarudi kuwa mweusi?" alimwuliza Maa Dufie, si Pokuaa. Akahesabu sedi zake, akakichukua kikopo kilekile.

Pokuaa alitoka mbio mpaka kwenye bomba, akajisugua shavu kwa sabuni ya kufulia hadi likawaka moto. Halafu akainama pembeni akatapika chakula chote cha mchana.

Kesho yake alikwenda duka la dawa. Mfamasia, kijana mpole, akamwambia akae mbali na moto wa tanuri, avae kofia pana, apake krimu ya kuzuia jua kila asubuhi, na nyingine ya madoa usiku.

"Itachukua miezi, mama. Na huenda yasiishe yote."

"Kopo limefungwa?"

"Limefungwa."

"Fungua nione."

Akafungua. Pokuaa akanusa mara tatu, akakagua chini ya kifuniko, akalichukua.

Miezi mitano baadaye doa la juu ya mdomo lilikuwa limefifia. Ya mashavuni yalikuwa bado yapo. Lakini uji mweupe, aliokuwa akiunywa kila asubuhi tangu utotoni, hakuweza kuutazama tena.