Taa Nyekundu za Mama Rachida

Vita vikiendelea, Fundi Mathe wa Butembo alibadilisha injini ya gari la Mama Rachida, mfanyabiashara wa Beni. Waya za sensa, vile vipimaji vya oili na joto la injini, zilimtoa jasho. Hatimaye akawasha gari, taa za onyo zote zikazimika. Akajipangusa mikono, akingoja sifa.

"Juu ya nini umezima?" Rachida akafoka, akiwahofia askari wanaonyang'anya magari barabarani. "Basoda banabeba kila motokari muzima! Washa taa ya oili. Na ya moto!"

"Mama, taa yangu iseme uongo? Hapana!"

Lakini nani alishawahi kumshinda Rachida? Huku akinung'unika, Mathe alichomoa waya mbili kwenye sensa, akazifunga kwenye chuma cha gari. Taa zikawaka nyekundu kama macho ya mlevi. Akapanda naye hadi Beni, maana hakutaka fundi mwingine aje kuzizima na kupata sifa yake.

Kwenye kizuizi, askari alimshusha Rachida, akakaa yeye kwenye usukani. Alipouona wekundu ule, akatoka mbio.

"Injini inakufa hii! Nani alitengeneza?"

"Huyu," Rachida akamwonyesha Mathe.

"Fundi wa bure kabisa!"

"Ndiyo, chef," Mathe akajibu. Askari akawapungia mkono wapite.

Walipovuka tu, Mathe akadai gari lisimame.

"Sema kazi yangu iko muzuri. Kwa nguvu!"

"Basoda bale pale nyuma. Batasikia."

Mathe akageuka, akawaona.

"Basi sema polepole," akasema, akamsogezea sikio.