Mpaka Sasa

Picha ndiyo iliyotusumbua kwanza. Binti yangu alipekua simu yangu, ya mama yake na za shangazi zake, na picha zote alizozikuta za mimi nikiwa kazini zilikuwa za mgongo. Fundi lifti hupigwa picha hivyo: kichwa kimo ndani ya shimo, miguu iko nje, na mpiga picha anataka kuwaonyesha wenzake kwamba lifti imekufa tena. Nikamwambia aweke ya miguu. Hakucheka.

Ulikuwa mwezi wa saba tangu kampuni iniondoe. Nina miaka hamsini na tatu, na nilikuwa nimepeleka barua za maombi mpaka walinzi wa mageti wakaanza kuniita jirani. Kila nilikokwenda niliulizwa kama nipo mtandaoni, kwenye ule ukurasa wa wataalamu ambako watu wazima wanajisifu wakiwa wamevaa suti. Sisi tulifundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Binti yangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuoni na ana ulimi wa mama yake, alinijibu kwamba siku hizi hata chema kisipojitembeza kinaozea dukani.

Basi akaanza kunifungulia ukurasa wangu; mama yake akanipigia pasi shati jeupe, nikasimamishwa ukutani, nikapigwa picha. Nilitoka kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilitaka chini ya picha paandikwe fundi lifti, yaishe. Yeye akaandika mtaalamu wa usalama na matengenezo ya lifti, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa katika majengo makubwa. Nilisoma mara mbili, nikamwonea wivu huyo mtu.

Kisha akataka majina ya watu wa kunishuhudia. Hapo nilikwama kweli. Watu wanaonijua mimi ni wale waliokwama kati ya ghorofa. Walinisikia kupitia mlangoni nikiwaambia wakae chini, wasiogope, nawashusha sasa hivi. Mlango ukifunguka hukimbilia hewa, na hakuna anayegeuka nyuma kuuliza fundi anaitwa nani.

Tukafika kwenye kazi. Akaandika kampuni, akaandika Novemba ya mwaka nilioanza, halafu akaniangalia.

"Baba, umeondoka lini? Niandike mwezi gani?"

Ni swali dogo, lakini kwangu lilikuwa zito. Siku ya kuniondoa, meneja alinishika bega akasema kazi ikirudi, mimi nitakuwa wa kwanza kuitwa. Nilikuwa nikiishi kwa neno hilo. Mama watoto alishachoka kulisikia. Alikuwa akiniambia kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, niache kumsubiri yule bwana. Lakini kuandika mwezi niliona ni kujifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

"Acha hivyo hivyo," nikasema.

"Nikiacha, itasoma mpaka sasa. Watu wataona bado uko kazini."

"Acha."

Akaacha. Ni mtoto mwenye adabu, na siku ile adabu yake iliniponza. Na aliyesema acha ni mimi, ambaye katika kila lifti nilikuwa natia saini kwenye kibao cha ukaguzi, tarehe ya leo na tarehe ya ukaguzi ujao, na sikuwahi kudanganya hata moja.

Wiki tatu baadaye aliniandikia mama mmoja, afisa ajira wa hospitali yenye lifti sita. Nilikwenda. Wakanipandisha juu kwenye chumba cha mota, nikasikiliza, nikawaambia breki ya lifti ya tatu imekwisha, wasipandishe tena mgonjwa humo. Wakafungua, wakakuta ni kweli. Yule mama akasema nitapata jibu Ijumaa, na alivyosema nilijua ni jibu gani. Nilirudi nyumbani na mwendo wa kijana.

Jumatano asubuhi nanyoa ndevu, simu ikaanza kulia. Hongera kwa kutimiza miaka ishirini kazini. Ikalia tena, na tena. Novemba ilikuwa imefika, na ule ukurasa ulikuwa umewatangazia watu wote. Ukweli ni kwamba sikufika ishirini. Niliishia kumi na tisa na miezi minne. Wa mwisho kuandika alikuwa meneja mwenyewe: "Hongera! Mchango wako unaonekana."

Nilisoma maneno hayo mpaka povu likanikaukia shavuni. Nikajiambia ndiyo naitwa hivyo, kiungwana. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikavaa lile shati jeupe nikaenda ofisini.

Ndani ya lifti yao kibao kilikuwa bado na saini yangu ya Februari. Ukaguzi ujao, niliandika, Agosti. Hakuna aliyekuja kusaini Agosti. Nikapanda nayo hivyo hivyo mpaka ghorofa ya nne.

Meneja alinipokea kwa mikono miwili, akanivutia kiti, akauliza habari za nyumbani.

"Enhe, mzee wangu. Siku hizi tumekupanga jengo gani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia niko nyumbani tangu Machi, na barua aliisaini yeye. Akatazama simu yake, akanitazama mimi, akaona aibu, na aibu yake ikaniuma kuliko ile barua. Alinieleza kwamba simu yenyewe humletea majina ya kupongeza, naye hubonyeza tu, wakati mwingine akiwa mezani anakula. Kuhusu kazi kurudi, akaniomba nisisubiri. Nilishuka kwa ngazi. Ningekuwa na akili, hapo kwenye ngazi ningekumbuka hospitali na kile nilichokiacha kwenye ukurasa. Lakini nilikuwa nashughulika kujionea huruma.

Ijumaa ujumbe ulikuja. Walikuwa wameziona pongezi zangu, nao wakanipongeza. Hawakutaka kumtoa mtu kwenye kazi ya miaka ishirini, tena wao walihitaji wa kuanza Jumatatu, kwa hiyo wamemchukua mwingine. Nikampigia yule mama.

"Fundi, tuliyempata hana uzoefu kama wako," alisema. "Lakini yeye hana kazi."

"Hata mimi sina."

"Ukurasa wako unasema unayo." Alisema ameumia kusikia hivyo, ila mwenzangu alishasaini mkataba asubuhi.

Majuto ni mjukuu, na wangu hakuchelewa kuzaliwa. Nilikaa kitandani na viatu vyangu, mchana kutwa. Sikumlaumu meneja wala yule mama. Nilikuwa nimepewa mlango na nikauzuia mwenyewe, kwa sababu tu sikutaka kutamka mwezi.

Binti yangu aliporudi kutoka chuoni nilimpa simu.

"Andika Machi," nikamwambia.

Aliandika, akanionyesha. Pale palipokuwa na mpaka sasa, pakawa na Machi, na juu yake, mahali pa kazi ya sasa, hapakuwa na kitu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika shati jeupe.

Simu ikatetemeka mkononi mwa binti yangu. Kuna mtu alikuwa amechelewa. Ndiyo kwanza ananipongeza kwa miaka ishirini.

"Nimjibu nini, Baba?"

Nikamwambia aandike asante.